Programu ya kutuma pesa na kununua mtandaoni: anza na anayepokea

Kabla hujalinganisha M-PESA, Airtel Money na programu za benki, jiulize yule unayemtumia atazifanyia nini pesa zikimfikia. Atakwenda kwa wakala azitoe zote? Ataziacha kwenye simu anunulie unga na dawa? Au ni karo ambayo ingeweza kwenda shuleni moja kwa moja? Wengi huchagua programu kwa kutazama ada ya kutuma peke yake, kwa sababu hiyo ndiyo inayokatwa kwao. Ada ya kutoa hukatwa upande wa pili, na kwa viwango vingi ndiyo kubwa zaidi.

Chukua jedwali la ada za M-PESA la Safaricom ya Kenya la Julai 2023, lililotoka baada ya ushuru wa bidhaa kwenye ada za kutuma pesa kwa simu kupandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15. Kutuma Sh1,000 ni Sh13, kuzitoa ni Sh29. Kutuma Sh5,000 ni Sh57, kuzitoa ni Sh69. Kutuma Sh20,000 ni Sh105, kuzitoa ni Sh185. Kwa hiyo Sh20,000 zinazotoka Mombasa hadi mkononi mwa mtu aliye Kitui hugharimu Sh290, na karibu thuluthi mbili ya gharama hiyo humwangukia mpokeaji. Ukipata jedwali jipya zaidi, rudia hesabu hizi kwa viwango vyake. Namna ya kuzipiga haibadiliki.

Watu wengi huongeza "ya kutolea", na ni jambo jema, ila namna ya kuiongeza ina hesabu yake. Tuseme unataka mtu apate Sh5,000 mkononi. Ukituma Sh5,069 kwa mkupuo mmoja, umevuka Sh5,000 na kuingia daraja la Sh5,001 hadi Sh7,500, ambako ada ni Sh78. Ukituma Sh5,000 kwanza kwa Sh57, kisha Sh69 peke yake, ile ya pili haina ada, maana kutuma kuanzia Sh1 hadi Sh100 ni bure. Umeokoa Sh21. Kwa Sh2,500 ni vivyo hivyo: Sh2,529 kwa pamoja hukatwa Sh53, lakini Sh2,500 hukatwa Sh33 na Sh29 za kutolea hupita bure. Mbinu hii hufaa pale tu ambapo kiasi chako kiko ukingoni mwa daraja. Kwa Sh3,000, ukituma Sh3,052 ada inabaki Sh53 ileile, hivyo kugawa hakuna faida.

Upande wa kutoa nako kuna ukingo mmoja wa kukumbuka, nao ni Sh2,500. Kutoa kiasi chochote kuanzia Sh101 hadi hapo ni Sh29. Sh5,000 zikitolewa mara mbili za Sh2,500 hugharimu Sh58 badala ya Sh69. Zaidi ya hapo faida haipatikani kila mara: Sh7,500 kwa mara tatu ni Sh87, sawasawa na kuzitoa kwa mara moja, na Sh10,000 kwa mara nne ni Sh116 wakati mara moja ni Sh115. Sh3,500 ukizigawa unapata hasara kabisa, kwani kuzitoa kwa pamoja ni Sh52 tu. Kwa hiyo gawa unapotoa kati ya Sh3,501 na Sh5,000, kwingine piga hesabu kwanza.

Lakini ada nafuu kuliko zote ni ile ya pesa zisizotolewa. Mpokeaji akilipa dukani kwa namba ya Till, yaani Lipa na M-PESA Buy Goods, yeye mteja hakatwi kitu. Mwenye duka ndiye anayebeba ada yake. Mzazi aliye na duka lenye Till karibu na nyumbani hana haja ya kutoa Sh3,000 zote ili anunue vitu vya Sh2,200. Na kama pesa ni za karo au za umeme, zilipe wewe mwenyewe kwenye Paybill, yaani namba ya kulipia bili, ya mahali husika, ukiwa popote. Umeme wa tokeni ni Paybill 888880, na kwenye sehemu ya akaunti unaweka namba ya mita. Wale wanaopokea bili mwisho wa mwezi hutumia 888888. Huduma za serikali kupitia eCitizen ni 222222. Kwenye Paybill ada hutegemea makubaliano ya kampuni na Safaricom: kuna zinazolipa ada yote, kuna zinazogawana na mteja, na kuna zinazomwachia mteja yote. Usichukulie kwamba Paybill ni bure kwa sababu Till ni bure.

Kuna sababu nyingine ya kulipa moja kwa moja, na watu huona haya kuitaja. Kama mpokeaji ana deni la Fuliza, ule mkopo wa M-PESA wa kujazia salio lisilotosha, pesa zikiingia kwenye M-PESA yake deni hukatwa kwanza, bila kuulizwa. Umemtumia Sh4,000 za dawa, anaona Sh1,300. Hajakudanganya. Fuliza inatoza asilimia 1 pale unapokopa na ada ya kila siku juu yake, hivyo deni dogo la wiki tatu linaweza kuwa limenenepa. Ikiwa pesa ni za jambo lisilosubiri, mwombe Till ya duka la dawa au Paybill ya hospitali, ulipe huko.

Sasa Airtel Money. Kutuma kutoka Airtel kwenda Airtel hakuna ada, na kwa familia ambayo kila mtu ana laini hiyo, akiba kwa mwaka ni ya kweli. Tangu 2018 unaweza pia kutuma kati ya Airtel na Safaricom, pesa zikaingia kwenye pochi ya mpokeaji moja kwa moja, na tangu 2022 Benki Kuu ya Kenya imefungua malipo ya maduka kati ya mitandao, hivyo mteja wa Airtel anaweza kulipa kwenye Till ya M-PESA. Kinachokwamisha Airtel ni wakala. Mjini hakuna shida, lakini vijijini waweza kukuta wakala mmoja wa Airtel, na siku ya soko hana pesa taslimu. Kabla hujahamishia familia huko, mpigie mpokeaji umuulize wakala aliye karibu huwa na kiasi gani saa kumi jioni. Jibu lake lina uzito kuliko tangazo lolote la ada sifuri.

Kwa pesa nyingi, fikiria benki. M-PESA ina mpaka wa Sh250,000 kwa muamala mmoja, na Sh500,000 kwa siku na kwa salio. Mpaka wa salio ndio unaosahaulika: mpokeaji mwenye Sh400,000 kwenye simu hawezi kupokea Sh150,000 nyingine, na muamala utakataliwa bila yeye kuelewa kwa nini. PesaLink, mfumo wa mabenki ulioanza 2017, hupeleka hadi Sh999,999 kutoka akaunti moja hadi nyingine papo hapo, saa yoyote, hata Jumapili usiku. Kuanzia milioni moja kwenda juu unaingia kwenye RTGS, mfumo wa mabenki wa malipo makubwa, ambao hufuata saa za kazi. Kodi ya nyumba, malipo ya mkandarasi, michango mikubwa ya chama: hizo zipeleke kwa PesaLink kupitia programu ya benki yako. Tahadhari moja: si kila programu ya benki inayokuonyesha jina la mwenye akaunti kabla hujathibitisha. Isome namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu, na mara ya kwanza tuma Sh100 halafu umpigie akuthibitishie.

Programu ya M-PESA yenyewe au msimbo wa kupiga, *334#? Ninapendelea programu kwa mwenye simu janja, kwa sababu inaonyesha historia ya miamala, inatoa taarifa ya akaunti, na inaonyesha jina la mpokeaji wazi kabla ya kumalizia. Mwenye kabambe, yaani simu ya kawaida isiyo janja, hakosi jambo la msingi. *334# hufanya karibu yote. Jifunze zote mbili. Siku programu imegoma au simu imeishiwa chaji, utahitaji kujua njia ya kabambe ya jirani, ukiwa na laini yako mkononi.

Kununua mtandaoni

Wauzaji wa Instagram, TikTok na Facebook hukupa moja kati ya namba tatu: namba ya simu ya kawaida, Pochi la Biashara (huduma ya M-PESA ya wafanyabiashara wadogo), au Till. Zina tofauti kubwa. Ukituma kwa namba ya kawaida unalipa ada ya kutuma. Kwa Pochi unalipa ada ileile ya kutuma. Kwa Till hulipi. Halafu tazama jina linalojitokeza. Till huonyesha jina la biashara iliyosajiliwa. Kama ukurasa unaitwa duka la viatu na jina linalokuja ni la kampuni ya vipuri vya magari, ghairi uulize. Kwa namba ya kawaida utaona jina la mtu, na jina hilo lilinganishe na lile alilojitambulisha nalo. Jina linapojitokeza una sekunde chache tu za kughairi, kwa hiyo usilipe ukiwa unavuka barabara.

Wengi huamini kwamba Till humlinda mnunuzi. Haimlindi kwa namna hiyo. Ukilipa kwenye Till au Pochi na bidhaa isifike, Safaricom haiwezi kukurudishia pesa bila mwenye biashara kukubali. Kinachokulinda ni kulipa baada ya kuona. Kwa muuzaji aliye mji mmoja nawe, kubaliana kulipa bidhaa ikifika mlangoni, umeifungua na kuijaribu: simu iwashwe, kiatu kivaliwe, chaja ichomekwe. Akisisitiza ulipe yote kwanza, lipa nauli ya boda peke yake. Hiyo ni hasara unayoweza kuibeba. Akikataa hata hilo, tafuta mwingine.

Kwenye duka la mtandaoni la Jumia unaweza kulipa ndani ya tovuti au wakati wa kupokea. Mletaji akikuomba utume kwa namba yake binafsi "kwa sababu mfumo uko chini", kataa, maana oda yako itaendelea kuhesabika haijalipwa na huna risiti yoyote ya kuonyesha.

Tovuti nyingi za Kenya hulipisha kwa kukutumia ujumbe wa PIN unaojitokeza wenyewe kwenye skrini. Kabla hujaandika PIN, soma vitu viwili: kiasi, na jina la biashara. Ukiona ujumbe wa namna hiyo na hukuwa unanunua chochote, ghairi tu. Pesa haziwezi kutoka bila PIN yako. Malipo haya yana magonjwa yake, na ukiyajua hutalipa mara mbili. Tovuti ikiandika namba ya kosa 1037, maana yake simu haikufikiwa au ulichelewa kujibu: mtandao hafifu, simu imezimwa, au laini ya M-PESA iko kwenye simu nyingine. 1032 ni kwamba umeghairi. 2001 ni PIN isiyo sahihi. 1 ni salio halitoshi, na hapo kumbuka kuhesabu ada. 1001 ni kwamba una muamala mwingine ambao haujafungwa. Subiri dakika mbili au tatu ujaribu tena. Tovuti ikisema imeshindikana ilhali umepata ujumbe wa MPESA wenye namba ya muamala ya herufi na tarakimu 10, usilipe tena. Pesa zimefika kwa muuzaji, mfumo wake ndio haujapata habari. Mtumie namba hiyo.

Kwa tovuti za nje unahitaji kadi. Usiyekuwa na kadi ya benki, M-PESA GlobalPay, iliyoanza Juni 2022, hukupa kadi pepe ya Visa inayokata moja kwa moja kwenye salio lako. Unaiwasha kwenye programu ya M-PESA au kwa *334#, unapata namba ya kadi na tarehe ya mwisho, na zile tarakimu tatu za usalama, CVV, unaziomba kila unapotaka kulipa kwa sababu zinaisha muda baada ya dakika 30. Hilo ni zuri kwa usalama: namba ikiibwa kwenye tovuti mbovu, mwizi hana CVV inayofanya kazi. Omba CVV mwisho, ukiwa tayari umeshajaza anwani na kila kitu.

Kadi hizi hukataliwa kwa sababu zinazojirudia. Salio linatosha bei lakini halitoshi baada ya dola kugeuzwa shilingi. Kiwango cha kadi huwa juu kuliko kile unachokiona ukitafuta mtandaoni, basi acha ziada ya asilimia 5 hivi. Jina au anwani uliyoandika haifanani na ya usajili. Au ni huduma ya kulipia kila mwezi, ambayo mwezi wa pili hukuta salio halitoshi na kufunga akaunti yako. Ukirudishiwa pesa, hurudi kwa njia ya kadi na huchukua siku kadhaa za kazi, si dakika. Usiizime kadi wakati unasubiri marejesho.

Pesa kutoka ng'ambo

Wise, Remitly, WorldRemit, Sendwave na NALA hupeleka moja kwa moja hadi M-PESA. "Ada sifuri" isikupumbaze; faida ya programu inayoitangaza imo kwenye kiwango cha kubadilisha. Andika kiasi kilekile, tuseme pauni 200, kwenye programu tatu kwa dakika ileile, na utazame kitu kimoja: shilingi ngapi zitafika. Kama soko liko Sh170 kwa pauni na programu inakupa Sh166, umeshalipa Sh800 ambazo hazikuandikwa popote kama ada. Ofa ya mara ya kwanza huwa nzuri kupita kawaida, hivyo linganisha tena mara ya pili. Jina la mpokeaji liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho alichosajilia laini. "Mama Amina" halitapita, na pesa zitakaa njiani hadi jina lisahihishwe.

Zikienda kusiko

Umekosea namba kwenye M-PESA: sambaza ujumbe wote wa muamala kwenda 456, papo hapo. Usianze kwa kumpigia uliyemtumia. Wengine ni waungwana, lakini wengine wakishajua huzitoa kabla hujakata simu, na zikishatoka, Safaricom haina cha kuzuia. Umelipa Paybill sahihi lakini namba ya akaunti si yako, kwa mfano karo imeingia kwa mtoto mwingine au tokeni imekwenda mita ya jirani: hapo mtafute mwenye Paybill na namba ya muamala, kwa sababu pesa zimeshafika kwake. Kwa PesaLink anza na benki yako, ukitarajia siku na si saa.

Upande wa pili pia una hatari: mtu anakupigia kwamba amekutumia kimakosa, urudishe. Usiamini ujumbe peke yake. Ujumbe wa kweli huja kutoka MPESA, haujakuja kutoka namba ya simu ya mtu, na salio lako litakuwa limeongezeka ukilikagua kwa *334#. Hata kama pesa zimeingia kweli, usimtumie wewe. Mwambie asambaze kwa 456. Ukimtumia mwenyewe halafu naye akaomba marejesho, utakuwa umezitoa mara mbili. Muuzaji naye asikubali picha ya skrini kama malipo. Picha hutengenezwa, salio halitengenezwi.

Ukipokea simu ya mtu anayejiita Safaricom, kampuni hiyo huwapigia wateja kwa 0722 000 000 tu, na hakuna mfanyakazi anayehitaji PIN yako. Namba za matapeli zisambaze kwa 333. Piga *106# uone laini za Safaricom zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usiyoitambua, ifungishe. Kisha piga *100*100# ili laini yako isibadilishwe na mtu mwingine kwa wakala. Hatua hii ya mwisho inachukua chini ya dakika moja na ndiyo watu wengi hawajaifanya, ilhali wizi mkubwa wa benki kwa simu huanzia hapo: mwizi huhamisha laini kwanza, kisha hupokea nambari za uthibitisho za programu zako zote.

Simu ikiibwa, fuata mpangilio huu. Kwanza laini: piga 100 kwa laini nyingine ya Safaricom waifunge, kwa sababu kila programu nyingine hutegemea laini hiyo. Pili benki, waiondoe simu hiyo kwenye orodha ya vifaa vyako. Tatu barua pepe, ubadilishe nywila ukiwa kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini. Mwisho nenda dukani na kitambulisho halisi upate laini mpya, na ukishaiwasha badilisha PIN ya M-PESA kabla ya kupokea pesa yoyote.